Kitabu cha Wakfu Kilichorudi Msuka

Nilitoka Tibirinzi kwa hasira. Siku ya nane baada ya kumzika babu tulifungua kasha lake, tukakuta kitabu cha fikihi kilichoandikwa "wakfu": mali ya msikiti wa Msuka, hakiuzwi wala hakirithiwi. Ndani ya jalada, kwa herufi za Kiarabu, mlikuwa na mwandiko wa babu: "Mimi Hamadi bin Juma nimekiazima kwa Mwalimu Faki. Nitakirudisha baada ya karafuu." Tangu hapo karafuu zilikuwa zimechumwa misimu thelathini na mitano.

"Ulijua?" nilimuuliza baba.

"Nilijua. Kiache msikitini urudi. Mzee usimtaje."

Asubuhi, Chake Chake. Siku zile za vyama watu walichagua hata basi la kupanda, la chama chao. Nililopanda mimi lilijaa mabishano juu ya uchaguzi, nami nilikikumbatia kitabu kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Ndicho nilichokibeba.

Saa tano, Konde. Muuza kahawa nilimuuliza njia ya kwa Mwalimu Faki.

"Faki yupi? Muuza wakfu?" Wanywaji wakacheka. "Huyo kesha kufa. Bintiye yupo, Bi Time, nyumba ya kwanza ukishapita kisima."

Hapo nikafahamu: kitabu kilipokosekana, walisema Mwalimu Faki amekiuza. Msikiti ule haukuwa na daftari la vitabu. Mwazimaji aliandika jina lake ndani ya jalada, akaondoka na kitabu. Ushahidi wa Mwalimu Faki ulikuwa umelala kashani kwetu miaka yote hiyo, chini ya kanzu za Idi za babu. Nilikwenda kwa miguu hadi Msuka, na kila nilipokanyaga nilimkanyaga babu yangu. Mungu anisamehe.

Adhuhuri, Msuka. Bi Time alikuwa akisuka mkeka barazani. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, nikamwonyesha jalada.

"Soma wewe. Macho yangu hayaoni."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Ukindu ukamponyoka.

"Baba alinyang'anywa darasa," alisema. "Mimi posa mbili zilirudi. Nani aoe kwa mwizi wa msikiti? Kitabu umerudisha, mwanangu. Posa zangu utazirudisha lini?"

Nikakifunga kitabu.

"Basi usinisomee mimi. Mimi nilijua. Nenda kawasomee wao."

Baada ya laasiri, msikitini. Imamu alikibusu kitabu. "Alhamdulillahi, kimerudi. Wote wawili ni marehemu, kijana. Tuyafunike."

"Ya Mwalimu Faki mliyafunika?"

Nikakichukua kitabu mkononi mwake. Nikasimama, nikasoma kwa sauti, jina la babu na la Mwalimu, mara tatu. Nje ya dirisha niliuona ukingo wa buibui la Bi Time. Mzee mmoja wa safu ya mbele alianza kulia, nami sikumhurumia.

Kesho yake, Konde. Nilimpitia muuza kahawa, nikamweleza yote. Alisugua vikombe vyake muda mrefu. "Mwalimu Faki," akasema, kama anayejifunza kulitamka.

Magharibi, Tibirinzi. Kitabu nilikibeba kwa mkono mmoja na kikafika. Jina jema la mtu, tulilolishikilia muda uleule, lilirudi nusu, kwa waliobaki hai tu. Baba alikuwa akiningoja mlangoni.

"Umekiacha?"

"Nimekiacha."

"Mzee hukumtaja?"

"Nimemtaja," nikasema, "na jina la baba yake pia: Hamadi bin Juma."