Nyimbo za Bibi na Diski Iliyojaa

Kompyuta ya ofisi ya usharika wetu, kule Iyula, ilikuwa na diski iliyogawanywa sehemu mbili, C na D. Programu zote zilirundikana C. D ilikaa karibu tupu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitumia. Kazi ya kurekodi nyimbo nilipewa mimi, mzee wa kanisa niliyestaafu ualimu, kwa kuwa nilikuwa na muda. Namshukuru Mungu kwa muda ule.

Asubuhi moja alikuja bibi kutoka Itaka, kwa bodaboda, amejifunga mashuka mawili kwa baridi. Yeye ndiye aliyebaki akizijua vizuri nyimbo za Kinyiha tulizoimba zamani tukileta malimbuko ya kahawa. Kesho yake binti yake angemchukua wakaishi Zambia, mbali kupita Nakonde, mji wa mpakani. Tulitaka sauti yake ibaki kwetu.

Hakumaliza hata ubeti wa kwanza. Kompyuta ikaacha kurekodi na kuandika kwamba C imejaa.

"Imeshiba?" bibi akauliza.

"Imeshiba, bibi."

"Na mimi hata chai sijanywa."

Katibu wa usharika, mama mchangamfu, akamletea chai, kisha akashauri tufute rekodi za mazishi. Nikamwomba tusifanye hivyo. Humo mlikuwa na sauti za watu ambao watoto wao bado walikuja kuzisikiliza.

Kwa kuwa programu ya kurekodia ilizitambua rekodi zikiwa C tu, tukaamua kuhamishia programu D. Sisi ni wakulima wa kahawa. Gunia likitoka ghala hili likaingia lile, kahawa ni ile ile. Basi tukaikata folda ya programu ya kurekodia, tukaibandika D. Nafasi ikapatikana, lakini programu yenyewe ikakataa kufunguka.

Nikampigia fundi wa kompyuta wa Tunduma. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi za malori yaliyosubiri kuvuka mpaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikaitikia, nikamweleza yaliyotupata.

"Mmeikata mkaibandika?"

"Kama gunia."

Akacheka. "Mimi nasali msikitini, mzee, lakini mambo yenu nayaona. Mtu akihamia kwenu si anasimamishwa mbele, anatambulishwa? Hiyo mmeipitisha mlango wa nyuma, kompyuta haiijui. Irudisheni ilikotoka. Halafu chagueni programu nyingine kubwa, iondoeni kwa utaratibu, muiingize upya kwa CD yake. Ikiuliza ikae wapi, msikubali C. Chagueni D."

Tuliirudisha, ikafunguka, nami nikavuta pumzi. Kisha tukaondoa kamusi kubwa yenye picha na programu ya kujifunzia kuchapa, tukaanza kuziingiza upya, safari hii D. Ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ulitambaa polepole mno. Nje, mwenye bodaboda akapiga honi.

"Mwambieni asubiri," bibi akasema. "Vyombo vyangu nitafunga hata jioni."

"Hujachoka, bibi?" katibu akauliza.

"Nimengoja mvua miaka mingi. Hii mashine angalau ina umeme."

Nikaomba kimoyomoyo. Sikuiombea mashine, nilimshukuru Mungu kwa uvumilivu wa mama yule, nikaomba na mimi nigawiwe kidogo.

Kamusi ilipokwisha kukaa D, na ile nyingine baada yake, C ikapata nafasi ya kutosha. Bibi akaweka kikombe chini, akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ila haikuyumba. Aliimba wimbo wa kuchuma, wa kuanika, na ule wa kuingia kanisani na vikapu kichwani. Katibu, aliyekulia mjini, hakuelewa maneno yote, lakini aliacha kupanga karatasi zake akasikiliza.

Bibi alipomaliza akainama kuitazama kompyuta, kama mtu anayechungulia chungu jikoni.

"Nimeenea humo?"

"Umeenea, bibi. Na nafasi imebaki."

Honi ikalia tena nje. Bibi hakugeuka.

"Basi kuna wimbo mmoja wa mama yangu," akasema. "Nilidhani nitaondoka nao."

Akajifunga vizuri shuka la juu, nami nikabonyeza kitufe.