Maneno Yaliyobaki Kizimbani

Kwa miaka ishirini na miwili Musili alikuwa mkalimani wa Kikamba katika mahakama moja mjini Nairobi. Shahidi angemwaga maneno bila kupumua, naye angeyapokea yote na kuyageuza Kiswahili asidondoshe hata moja.

Kisha pikipiki ikamgonga Kileleshwa. Jeraha la kichwa lilipona, akarudi kazini. Kesi za zamani aliweza kuzisimulia neno kwa neno. Lakini akishika gazeti, alifika mwisho wa sentensi mwanzo ukiwa umempotea. Akarudi juu, akashuka, akapotea tena.

Daktari wa Parklands hakumzungusha. Ya kale yalikwisha kuhifadhiwa, alisema; kilicholegea ni uwezo wa kuyashika ya sasa hivi, na lisiloshikwa halieleweki wala halikai.

"Nitapona lini?"

"Huu mwaka wa pili, mzee. Sitaki kukudanganya."

Kazini hakumwambia mtu. Asubuhi moja akasimamishwa kizimbani mama mmoja, mfanyakazi wa nyumbani, ameshtakiwa kuiba mtungi wa gesi. Alipoulizwa kama ni kweli, alijibu kwa Kikamba kwamba mtungi aliuchukua, ila mwenye nyumba ndiye aliyemtuma akaujaze, na askari wa getini alimkamata kabla hajajieleza.

"Mheshimiwa," Musili akasema, "anasema mtungi aliuchukua."

"Ni hayo tu?"

Alijua kuna zaidi. Alijua pia kwamba angeweza kumwomba mama arudie. Akaona haya.

"Ni hayo tu."

Mama akapelekwa rumande, akakaa huko siku kumi na moja, hadi bintiye alipoleta wakili. Hezekiah, karani mkuu, akamwita Musili ofisini na kufunga mlango.

"Yule mama ameachiliwa. Lakini wewe nenda nyumbani, ndugu yangu. Usirudi."

Sasa hushinda kwenye kochi, Kangemi. Aibu ya siku ile imemganda. Maneno ya Hezekiah, kwamba mama aliachiliwa, hayakukaa. Mkewe, Kanyiva, alimwandikia kwenye karatasi habari zote, akaibandika ukutani. Musili huisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha humgeukia.

"Mama Mwende, yule mama bado yuko rumande?"

"Aliachiliwa, baba Mwende."

Humshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimtoka. Kabla chai haijapoa, anauliza tena. Siku nyingine Kanyiva huenda jikoni bila kumjibu.