Akaunti ya Kikundi

Jumamosi alasiri tulikutana katika ukumbi wa kanisa huku mtaa wa Pioneer, Eldoret, watu tisa, kutafsiri programu ya simu inayowasaidia wafugaji kuweka rekodi ya maziwa wanayopeleka kwenye ushirika. Ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea ng'ambo, na ilijua Kiingereza tu. Mimi niliitwa kwa sababu nina digrii ya lugha, ambayo hadi hapo ilikuwa imenifaa zaidi kuwaandikia watu hotuba za harusi.

Tulifanya kazi kama kikundi chochote cha Eldoret: sala, chai, ajenda. Neno lilipendekezwa, likaungwa mkono, likapigiwa kura. Kwa kitufe cha kupeleka rekodi, nilipendekeza "wasilisha". Mwenyekiti wetu, mama anayefuga ng'ombe huko Burnt Forest, akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya bunge." Ikapita "tuma". Jumamosi iliyofuata pendekezo lake nalo likaanguka, nami nikajitahidi nisionekane nimefurahi.

Kila mtafsiri alitakiwa afungue akaunti yake. Sisi tulifungua moja, kwa barua pepe yangu, kwa kuwa laptopu ilikuwa yangu. Hakuna aliyeona ajabu. Chama huwa na akaunti moja.

Tulipomaliza, wenye programu wakaniandikia. Walinipongeza kwa kutafsiri yote peke yangu, wakanifanya msimamizi wa Kiswahili: hakuna neno ambalo lingebadilishwa bila idhini yangu. Niliisoma barua pepe hiyo mara kadhaa kabla ya kuwasomea wenzangu. Cheo ni kitu kitamu.

"Mheshimiwa," akasema mwenzetu mmoja, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, "utatukumbuka ukifika huko?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Kwa hivyo ni yako," akasema.

"Mama, ni makosa tu."

"Hata shamba la baba yangu liliandikwa jina la ndugu yake kwa makosa tu. Niliwaambia akina mama wa kwetu hii kitu itakuwa yao. Sasa wakitaka neno libadilike, waje wakuombe wewe?"

"Mimi sina shida nao."

"Leo huna."

Nikawaandikia wale wa ng'ambo kwamba kazi ilikuwa ya kikundi. Walijibu kwa upole kwamba lazima awepo mtu mmoja wa kuwajibika, la sivyo Kiswahili kingengoja. Karani akasema nikubali tu, ng'ombe wanakamuliwa kila siku. Mwenyekiti akasema, "Basi kingoje." Alijua atakayeulizwa na wale akina mama ni yeye, lakini hakurudi nyuma.

Mweka hazina, aliyekuwa akimimina chai, ndiye aliyeuliza kwa nini tusiweke watia sahihi, kama benki. Chama hakiwezi kutoa hata shilingi bila sahihi za watu watatu. Kwa nini kitoe neno kwa sahihi ya mmoja?

Kila mtu akafungua akaunti yake. Alasiri nzima iliishia kwenye nywila, nyingi zikisahaulika kabla ya sala ya kufunga mkutano. Kisha tukaandika: tunataka waidhinishaji watatu, wanaochaguliwa na mkutano wa kila mwaka. Wakajibu kwamba hawakuwahi kuombwa jambo kama hilo, lakini wangejaribu.

Tukapiga kura. Mwenyekiti akapita, mweka hazina akapita, karani akapita. Mimi nilipendekezwa, nikaungwa mkono, nikashindwa. Niliomba mikono ihesabiwe tena, kwa ajili ya uwazi.

Majuzi nilifungua programu hiyo na kukuta ujumbe mmoja umebadilika. Tulikuwa tumeandika "Maziwa yamekataliwa." Akina mama wa Burnt Forest walisema mtu hawezi kusomewa hivyo mbele ya majirani asubuhi. Sasa inasema, "Maziwa ya leo hayakupokelewa. Tafadhali ongea na karani wa ushirika." Ni ndefu mno kwa skrini ya simu ndogo, na ningeipinga kwa hoja nzuri. Sikuulizwa.