Mke Wangu Anadhani Nina Mwanamke, Kumbe Nakula Chumvi

Admin, jina langu lifiche na la mke wangu pia, maana hapa Masasi watu wa korosho tunajuana wote.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, Mha wa Kigoma, shule niliiacha darasa la tano. Nilikuja huku kusini nikiwa kijana, ule wakati wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho na kila ghala likawa linatafuta watu wa kubeba magunia. Nikabeba. Mpaka leo nabeba. Nikaoa Chilangala, kule juu Newala, na kwa watu wa kule mwenye neno juu ya mke ni mjomba wake. Mtoto wetu mmoja, Zuhura, ameshaolewa. Tumebaki wawili kwenye chumba cha kupanga.

Mwaka juzi Mama Zuhura alianguka akiwa anafua. Presha. Hospitali wakamwambia chumvi basi, mafuta basi, samaki mkavu asimguse kabisa. Huyu ni mtu aliyekuzwa kwa kisamvu cha nazi na samaki wa chumvi! Wiki ya kwanza alijitahidi. Ya pili nikamkuta anafuta sufuria langu kwa kidole na kulamba. Nilipomgombeza akalia.

"Wewe unakula chakula cha watu, mimi nakula cha mgonjwa. Nimeshakuwa maiti humu ndani?"

Haikupita muda akaanguka tena.

Mjomba wake akashuka kutoka Chilangala na wazee wawili. Nikamwamkia, akaitikia, hata maji hakunywa. Akasema, "Mkwe, mgonjwa hapikiwi chungu chake peke yake. Huko ni kumtenga. Utakula anachokula?"

Nikasema nitakula. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mimi mgeni, siku zote nataka wakwe wajue Mha naye ni mtu, nikaongeza mwenyewe bila kuulizwa: "Siku nikila chungu kingine, hesabuni nimelala nje kwa mwanamke mwingine."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaridhika sana.

Jamani. Mbaazi za kuchemsha zisizo na chumvi. Ugali wa muhogo na majani yaliyochemshwa kwa maji matupu. Mwaka na nusu. Mchana Mama Zuhura ananiletea ghalani mwenyewe, tunakula sahani moja tumekalia magunia matupu. Wenzangu hawana huruma.

"Mha, leo umeletewa chakula au umeletewa dawa?"

"Mwacheni mume wangu," anawajibu, "nyie mtazeeka, yeye atabaki kijana."

Wanacheka, naye anacheka. Na kweli amepona. Kipimo kimeshuka, anatembea toka nyumbani mpaka ghalani bila kupumzika. Chakula kile hakipendi, najua anavyokimeza. Anakimeza kwa sababu ananiona na mimi nameza.

Ila mwili wangu umekataa. Kazi yangu ni jasho, kutwa nzima shati unaweza kulikamua. Msimu huu miguu ikaanza kukakamaa, mpaka siku moja nikadondoka na gunia langu kutoka kwenye ubao wa kupandia lori. Zahanati wakaniuliza nakula nini. Nikawaeleza. Yule mganga akanitazama kama naye amechoka. "Baba, hicho ni chakula cha mkeo. Wewe unayetoka jasho hivyo unahitaji chumvi."

Basi nikaanza kwenda kwa mama ntilie mmoja nyuma ya stendi, saa nne asubuhi, kabla mke wangu hajafika. Supu ya samaki. Siku ya kwanza nilikunywa machozi yakinitoka, sioni aibu kusema. Miguu ikatulia. Mama huyo ni mjane, mtu mwema, nikamwomba aniwekee kiti chumbani kwake nisionekane na watu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mwanaume anayeingia chumbani kwa mjane kila asubuhi akijificha, nani atasema kafuata samaki?

Maneno yakamfikia mke wangu. Jumanne alileta chakula kama kawaida, lakini hakugusa.

"Baba Zuhura, nimeambiwa unaingia kwa yule mama wa supu."

Nikaendelea kunawa mikono.

"Kama ni mwanamke, niambie. Nitaumia, mjomba atakusema, yataisha. Hutakuwa wa kwanza. Lakini kama unakwenda kule kula, umeniacha peke yangu na haya majani, basi na mimi nimechoka. Nitarudi kwa samaki wangu, litakalokuja lije."

Akanisogezea sahani. "Kula." Nikala yote, yeye akitazama barabarani.

Tangu siku ile nimejaribu kumweleza maneno ya zahanati. Kila nikifungua mdomo najua atasikia nusu tu, kwamba nimekula. Namjua. Akisema atarudi kwenye chumvi, atarudi, na mara ya tatu akianguka sidhani kama atainuka. Nikikubali mwanamke nisiye naye, nimempaka matope mjane ambaye kosa lake ni kunipikia, na wakwe watasema Mha ni Mha tu.

Nimechoka, ndugu zangu. Kubeba gunia najua, hili silijui pa kulishika. Mjomba anashuka Jumapili. Ataniuliza swali moja, kwa yule mjane nafuata nini, na Mama Zuhura atakuwa amekaa pale mkekani ananitazama mdomo. Nyie mlioishi na mgonjwa, nyie wanawake hasa, niambieni kabla ya siku hiyo: nimjibu nilikula, au nimjibu nililala?