Mawese Yasiyoganda

Mpaka leo watu huniuliza kwa nini sikurudi kwetu Kasongo siku ileile niliyofukuzwa kazi. Jibu langu ni fupi: nilikuwa namtaka yule mwanaume.

Nilitunza depo ya mafuta ya kampuni moja ya dhahabu huko Salamabila, na mazuti, ile dizeli ya jenereta, yakawa yanapungua. Mkuu wa walinzi akasema mwizi ni mimi, mwenye ufunguo. Akanisimamisha getini saa wafanyakazi wanatoka, akaniamuru nivue kitambaa cha kichwa. Mimi, binti wa nyumba ya Kiislamu, mbele ya wanaume wale wote. Nikamuuliza ni mazuti gani yanayofichwa kwenye nywele.

"Hapa hakuna mukubwa," akanijibu. "Yote inafunguliwa."

Hakukuta kitu. Nikafukuzwa hivyohivyo, na jina la mwizi likanifuata hadi sokoni.

Basi nikaweka meza ya maharage mkabala na geti. Nilicheka na kila mtu, na yeye nikamzidishia mchuzi. Moyoni nilimchukia, wala sioni haya kusema. Kila Ijumaa asubuhi alitoka na bidoni, yaani dumu, nyuma ya pikipiki, imepakwa mawese hadi kwenye mfuniko. Eti ni mawese ya mama yake huko Kabambare. Walinzi wake hawakuigusa.

Kiangazi kikaingia na baridi yake ya asubuhi. Mawese yangu yaliganda kwenye chupa, nikawa nayachokonoa kwa kijiko. Ya kwake yakapita yakicheza: chwa, chwa. Mawese gani hayo yasiyojua baridi?

Nikangoja Ijumaa ambayo mkurugenzi mwenyewe alisimama getini wafanyakazi wakiingia, nikamwendea mkuu na kikombe, kwa adabu zote, nikamwomba mawese kidogo ya maharage yangu. Akasema ana haraka. Nikapaza sauti.

"Shefu, hapa hakuna mukubwa. Yote inafunguliwa."

Mkurugenzi akageuka, akaamuru bidoni ifunguliwe. Harufu ya mazuti ikatufikia sote.

Mkurugenzi akaniomba radhi palepale, akauliza nataka nini. Kazi nilirudishiwa baadaye. Asubuhi ile niliomba jambo moja tu: mkuu avue kofia, mbele ya watu walewale.

Akavua. Nikamzunguka polepole, nikamkagua kichwa chote, kisha nikawatangazia watu kwamba kwenye nywele hakuna mazuti.