Pampu ya Chumba cha Mama

Marehemu baba alikuwa mrefu, na urefu wake ndio uliotuletea maji ndani ya nyumba. Alipojenga chumba cha chini kwenye mteremko wetu wa Kicukiro, aliona dari itamgusa kichwa. Mtu mwingine angepandisha kuta. Yeye akachimba sakafu, akachimba hadi chumba kikawa chini ya uwanja kwa ngazi mbili nzima, kisha akasimama katikati na kofia yake kichwani, ameridhika. Wakati wa kiangazi kilikuwa chumba kizuri chenye ubaridi. Lakini zikija mvua za itumba, kuanzia mwezi wa tatu, kilima chote kilicho nyuma yetu kilijikamulia kwenye ukuta ule. Maji yalipenya chini ya saruji na kutokea kwenye kona, na kwa kuwa uwanja ulikuwa juu, hayakuwa na pa kwenda.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa tatizo langu mimi na ndoo yangu. Kisha, mwaka ule vita vilipoanza kaskazini, mama akapooza upande wa kulia.

Kutoka uwanjani hadi vyumba vya juu kulikuwa na ngazi kumi na moja. Choo na bomba vilikuwa uwanjani. Mama akilazwa juu, alikuwa mtu wa kubebwa kama gunia kila haja inapomshika. Akiwa chumba cha chini, alishika ukuta kwa mkono wa kushoto, akaburuta mguu, akapanda zile ngazi mbili kwa makalio, akafika bombani na kutia udhu mwenyewe. Ilimchukua muda wa kutosha mimi kupika chai na kuinywa. Ole wake mtu aliyejaribu kumsaidia. Huo ndio uhuru wote uliokuwa umembakia, na alisema wazi kwamba siku atakayotolewa chumba kile, tusijisumbue kumtafutia kitanda kingine, tumtafutie kaburi.

Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuwa na duka Kabuga na nyumba tambarare isiyo na ngazi hata moja. Alitaka kumchukua. Alikuja siku moja, akasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa, akasema mbele ya mama, kana kwamba mama amepooza na masikio, kwamba mgonjwa halazwi kisimani. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilimwambia chumba kile hakitaingia maji tena. Yakiingia, aje na gari amchukue, na mimi sitafungua mdomo. Mama alisikia kila neno, na kaka pia.

Aliyenisaidia kutimiza ahadi hiyo alikuwa fundi mmoja Mzaire, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyekuwa akichaji betri za watu karibu na soko. Niliamini pampu moja ya umeme ingetosha. Alitikisa kichwa.

“Mama, umeme ya huku inaogopa mvua,” aliniambia. “Ile siku maji iko mingi, ndio siku umeme haiko. Tutie pampu mbili. Moja ya umeme, ingine ya batri.”

Tukachimba shimo kwenye kona yanakotokea maji, la kina cha mkono mzima, tukatia humo pipa dogo alilolitoboa matundu pembeni, na kokoto kulizunguka ili udongo usiingie. Pampu ya umeme ikakaa chini kabisa. Ya pili ilikuwa pampu ndogo ya kukausha boti, ameileta mwenyewe kutoka Bukavu, na boya lake alilifunga juu zaidi, ili iamke pale tu mwenzake anaposhindwa. Kila bomba la kutolea maji alilitia vali ya kuzuia maji yasirudi shimoni. Betri ilikuwa ya lori, nzito hata tukaibeba wawili. Tuliiweka juu ya benchi la mbao chini ya dirisha, kwa sababu alisema inapochajiwa hutoa hewa mbaya, na dirisha lisifungwe. Chaja akaitundika ukutani, yenye kimshale cha kuonyesha umeme unaoingia.

Mama alifuatilia kazi ile kutoka kitandani kama msimamizi wa barabara. Fundi alipomaliza, mama alimtaka amwage maji, aone. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akamwaga ndoo, na sote watatu tukasubiri. Maji yalipanda, boya likainuka, na pampu ndogo ikaanza kunguruma. Mama alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa bado inacheka.

Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya betri. Nikirudi kutoka kumsikiliza shehe, kabla sijavua mtandio, nilifungua vifuniko vyake sita, nikatazama kama maji yamefunika zile bamba za ndani, nikaongeza palipopungua. Nilisugua unga mweupe kwenye vichwa vya nyaya na kuvipaka grisi. Kisha nilichomoa umeme na kumwaga ndoo shimoni kuijaribu. Mama alikuwa akihesabu kwa tasbihi kutoka maji yanapomwagwa hadi pampu inapowaka, na ikichelewa punje moja aliniambia nimwite fundi. Itumba mbili zilipita hivyo. Umeme ulikatika mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka, na mama hakulowa hata wayo.

Fundi alikuwa amenikataza jambo moja tu. Betri isipewe maji ya bomba. Ipewe maji ya betri, yale ya chupa, yasiyo na kitu ndani. Niliyapata kwa urahisi mwanzoni. Lakini vita viliendelea, barabara ya kaskazini ikafungwa, na vitu vikaanza kutoweka madukani kimoja kimoja, bila mpangilio wowote wa akili. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu maji ya betri yakaadimika. Nilizunguka vituo vya mafuta na maduka ya dawa, nikaenda hadi Kabuga kwa siri kaka asinione. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda kwao kuzika. Nikifungua vifuniko niliona bamba zimeanza kuchungulia juu ya maji, na itumba ilikuwa imebakiza wiki chache.

Nilimweleza mama kwa sababu nilikuwa nimechoka kuhangaika peke yangu. Akaniambia nifungue sanduku lake la nguo. Mle ndani, ndani ya kanga iliyokunjwa, kulikuwa na chupa ya maji ya kisima kitakatifu cha Zamzam. Mjomba alimletea alipotoka hija, na mama alikuwa ameiweka miaka mingi kwa ajili ya siku moja tu. Kwetu, mtu anapokata roho hutiwa matone ya maji yale mdomoni, kama yapo. Watu wengi hawana. Mama alikuwa nayo, na nadhani ndicho kitu pekee alichowahi kuringia.

“Si umesema inataka maji safi?” aliniuliza. “Kuna maji safi kupita hayo?”

Nikamwambia hayo ni ya siku yake.

“Siku yangu bado. Leo ni siku ya betri.”

Nilitia udhu kabla ya kumimina. Nilisema bismillahi kwenye kila kifuniko. Nilimimina polepole nisimwage hata tone, na chupa ikatosha vyumba vyote sita kana kwamba ilikuwa imepimwa. Mama akataka chupa tupu irudishwe sandukuni.

Ijumaa iliyofuata nilichota ndoo kama kawaida. Nilipofika mlangoni nikamkuta ananitazama. Hakununa. Lakini nilijiona kama mtu anayetaka kumhakiki mama yake mzazi. Ningeijaribu kwa nini? Ameipa maji yake ya kufia, halafu mimi nisimame pale nione kama yanafaa? Nikageuka, nikaimwagia migomba ile ndoo. Ijumaa iliyofuata sikuichota kabisa. Kimshale cha chaja kilikuwa kimepanda kuliko zamani na hakishuki, na ukiigusa betri ilikuwa na uvuguvugu. Mimi niliona imepata nguvu. Mama alisema ni baraka, nami nikaitikia amina.

Mvua iliyotukamata ilinyesha mchana wa mwezi wa nne. Nilikuwa nimekwenda Ndera kupeleka aproni nilizowashonea wateja. Wakati wa kurudi, wingu lilipasuka, na basi letu likasimamishwa kwenye kizuizi cha askari, kila mtu ashuke, kila mtu atoe kitambulisho, mvua au hakuna mvua. Nilisimama kwenye foleni ile na maji yananitiririka mgongoni, na wallahi sikuwa na wasiwasi. Nilijua umeme umekatika, kwa sababu kilima kizima cha mbele kilikuwa hakina taa hata dukani. Nikajiambia, pampu ndogo imeshawaka.

Nilifika baada ya alasiri. Jirani yangu, mama mmoja Mkatoliki, alikuwa dirishani kwake. Aliniambia alimwita mama mara mbili kupitia ukutani, akitaka kuja kumtoa, na mama akamjibu kila kitu kiko sawa, mashine inawaka sasa hivi. Nikakimbia.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, maji yamemfika kiunoni. Mguu mbovu ulikuwa umejikunja chini yake. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anachota kwa kopo la udhu na kutupa nyuma yake, uwanjani, na nusu ya kila kopo ilikuwa inarudi ndani. Vitambaa vya wateja, nilivyoviweka mle visubiri kushonwa, vilikuwa vinaelea. Betri ilikuwa juu ya benchi lake, haijaguswa na maji, na chini ya maji pampu haikutoa hata mlio.

“Nilikuwa naisubiri,” alisema, meno yakigongana. “Nilijua itawaka tu.”

Nimekuwa nikisikia sentensi hiyo kwa miaka yote hii. Angeogopa, angepiga kelele, jirani angevuka ukuta, na angetolewa kabla maji hayajamfika kifundoni. Hakuogopa kwa sababu aliamini, na aliamini kwa sababu mimi sikumwonyesha. Ndoo moja ya Ijumaa ingetuambia ukweli.

Fundi aliporudi kutoka kwao alikuja bila kuitwa. Akanyonya maji ya betri kwa kipimo chake cha kioo, akatazama, akarudia chumba kwa chumba. Kisha akaniuliza niliipa maji gani. Nilimwambia. Alikuwa mtu wa kanisani, na niliogopa atacheka. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

“Ile maji iko takatifu, mama, mimi sikatae,” alisema. “Lakini inatoka ku mawe, iko na chumvi yake. Batri haipende kitu ndani ya maji, hata kitu ya Mungu.”

Akasema ilikuwa imeanza kuchoka tayari, asinidanganye, ila hayo ndiyo yaliyoimaliza, na ule uvuguvugu haukuwa nguvu, ilikuwa inakufa. Kisha, bila nia mbaya, akaniuliza kwa nini sikutega mvua. Beseni safi, katikati ya uwanja, kabla maji hayajagusa bati. Kwa dharura yangefaa. Mwezi ule wa pili kulinyesha rasharasha mara kadhaa, na mimi nilikuwa naanua nguo.

Kaka alikuja na gari. Nilikuwa nimesema sitafungua mdomo, na sikufungua. Tulimtoa mama kwenye godoro, watu wanne, akipita karibu na bomba lake bila kuligusa. Kifua kilikuwa kimeshajaa.

Mwaka uliofuata yalitufika mauaji ambayo mbele yake msiba wa mtu mmoja mzee hauwezi hata kutajwa, na kwa muda mrefu sikuutaja. Lakini haukupungua kwa sababu hiyo.

Kabuga hakukuwa na ubaya wowote. Nalisema hilo kwa haki ya wifi yangu, aliyemwogesha na kumbadilisha kwa mikono laini kuliko yangu. Nyumba ilikuwa kavu na choo kilikuwa ndani. Mama alilala akitazama ukuta uliopakwa rangi nzuri, akatiwa udhu na mtu mwingine, na hakulalamika, jambo lililonitisha kuliko kikohozi. Nilikwenda kila siku kwa basi.

Siku moja alinishika kitambaa cha gauni akaniuliza kuhusu pampu. Sauti ilikuwa imebaki ndogo sana. Nilimtazama na nikaona siwezi. Siwezi kumwambia mtu anayekufa kwamba maji yake ya kufia ndiyo yaliyoua betri.

“Iliwaka, mama,” nikasema. “Ilichelewa kidogo tu. Chumba kimekauka, na mpaka sasa inafanya kazi.”

Uso wake ukacheka, ile nusu. Alifumba macho, nikamshukuru Mungu kwa uongo wangu. Kisha akayafumbua.

“Basi nirudishe nyumbani.”

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshatoka kwenye shuka, unapapasa sakafuni kutafuta ndala. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwenye ghadhabu zangu zote na ujanja wangu wote, halikunijia. Nikamwambia kesho, nitatafuta gari.

Kesho yake aliniuliza gari liko wapi. Nikasema limeharibika. Siku iliyofuata aliniuliza tena, nikasema dereva amesafiri. Siku ya tatu hakuuliza. Aliniomba nimfunike mguu.

Alifariki asubuhi ya siku ya nne. Wifi yangu alimtia maji ya bomba kwa kijiko. Mimi nilikuwa njiani, ndani ya basi, natunga cha kumwambia.