Haragi Moja mu Udongo ya Zamani

Nakumbuka siku moja nilianguka mu mare, ile kinamasi ya matope, na udongo ya Madamu mukononi. Mwanangu, kaa hapa karibu. Magoti imechoka, mimi mwenyewe nimechoka, lakini kinywa bado inatembea, Mungu asifiwe!

Bendera yetu ilikuwa bado mupya, uhuru ya juzi tu. Mi nilikuwa musichana wa mutaa ya Nyakabiga, shule niliacha darasa ya pili. Madamu mumoja, mwalimu wa Bulaya, alitaka kujua wazee wa zamani sana walianza lini kulima mu mare ya chini ya Musaga. Mzee Barnabe, mufanyakazi wake, alikuwa anasukuma bomba ya chuma mu matope, anaivuta, udongo inatoka murefu sawa mukate. Ya juu ni ya jana, ya chini ni ya kale. Ndani yake Madamu anatafuta makaa, mbegu, hata vumbi ya maua. Mi kazi yangu kubeba.

Sasa siku ile nikateleza. Kipande ya ule udongo, sawa kiganja, ya chini kabisa, ikaanguka mu maji. Woga! Kazi ile njo ilikuwa inalisha mama yangu. Pembeni kulikuwa tuta za maharagi za wamama. Nikachota udongo pale, nikajaza, nikalainisha na mukono sawa vile tunapaka nyumba. Ikapendeza, mwanangu! Nikajisifu hata.

Kisha juma moja, Madamu akaosha kidogo ya udongo ile mu chujio. Akapiga kelele: haragi! Akatuambia maharagi ilikuja hapa juzi tu, kutoka ngambo ya bahari, na sasa iko chini kabisa, basi vitabu yote imekosea! Akanikumbatia, akakaa kuandika barua ya Bulaya.

Mzee Barnabe akaigeuza ile haragi.

"Ee, musichana, huyu mukongwe ana ngozi laini kunipita!"

"Mzee, mi sijui kitu."

"Hujui? Nilikuona umeinama mu tuta za wamama. Nikanyamaza, nikafikiri utasema mwenyewe." Akaacha kucheka. "Udongo ile imelala pale tangu wazee wa wazee wetu, haijadanganya mutu. We siku moja tu, umeifundisha uongo."

Nikaenda kwa Madamu.

"Madamu, pardon. Haragi ni ya shamba. Mi njo nilijaza."

Akapasua barua polepole. Nikangoja anifukuze. Akanipa uzi nyekundu ya kuweka alama mu ule udongo.

"Nionyeshe. Inaanzia wapi, inaishia wapi?"

Akatoa udongo yangu yote, na pale pake, mu daftari, akaandika: tupu. Kesho yake tukarudi kuchimba, mwezi muzima, mugongo inalia. Chini kule tukapata makaa kidogo na mbegu mbili za ulezi. Haragi, apana.

Leo mnaniuliza babu wa babu yenu alikula nini, alitoka wapi. Mengi nimesahau, kichwa yangu inateleza kuliko mare. Ningejaza, mungefurahi. Lakini penye sijui, nasema sijui. Na we mwanangu, ukivunja kitu ya mutu, usilainishe. Muonyeshe penye imevunjika, siku ileile, kabla hajaandika barua.

Mungu akulinde mikono, na siku utateleza, akuletee mutu wa kukupa uzi, si wa kukufukuza. Haya, nivute nisimame. Nimechoka.